Babu yako hakuongeza chumvi: Wataliano watatu wa Nanyuki

SWALI: “Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alipelekwa Nanyuki, Kenya, kulinda mateka wa Kitaliano. Alikuwa akitusimulia kwamba watatu kati yao walitoroka, wakapanda mlima wenye theluji, wakasimika bendera yao kule juu, halafu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Akifika mwisho alikuwa anapiga goti na kusema, ‘Siku saba tu!’ Hatukuwahi kujua maana yake. Juzi kwenye arobaini ya bibi hadithi hiyo ilizua ubishi. Wote tulicheka, isipokuwa shangazi mmoja. Je, ilitokea kweli? Mtu ameshatoroka, anarudi kufanya nini? Na kwa nini hawakupigwa risasi?” Msomaji wa Nansio, Ukerewe.

Marahaba, mwanangu. Wote mliocheka mnadaiwa jogoo, na mpelekeeni huyo shangazi, maana ndiye peke yake aliyemtetea mzee. Alichosimulia babu yako kilitokea. Majina yapo, tarehe zipo, na mlima upo.

Kambi yenyewe ilikuwa namba 354, pale Nanyuki, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Walioijaza ni Wataliano waliotekwa Ethiopia. Jeshi lao lilianza kuporomoka mapema mwaka 1941. Mtawala wao, Duke wa Aosta, alisalimu amri Amba Alagi mwezi Mei, na ngome yao ya mwisho, Gondar, ikaanguka Novemba. Makumi ya maelfu ya watu wakahamishiwa Kenya, pamoja na huyo Duke, ambaye alifariki Nairobi Machi 1942 akiwa bado mateka. Siku ukipanda basi la Mwanza kwenda Nairobi kupitia Sirari na Narok, basi likianza kuukwea ule ukuta wa Bonde la Ufa pale Mai Mahiu, abiria wote wakanyamaza na kushika kiti cha mbele, ujue barabara hiyo ya zamani ilichongwa kwa mikono ya mateka hao. Kikanisa kidogo kilicho kando ya njia nacho walikijenga wao, mwaka 1942. Mimi mwenyewe nilikipita mara tatu nikidhani ni cha walowezi.

Sasa, kati ya walioletwa Nanyuki alikuwemo Felice Benuzzi, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia huko Addis Ababa, na mpanda milima tangu ujana wake. Alipofika ulikuwa msimu wa mvua wa 1942 na mlima ulikuwa hauonekani. Unaweza kukaa Nanyuki wiki nzima usijue kwamba juu ya kichwa chako kuna jabali la mita 5,199. Kisha siku moja mawingu yakafunguka akauona wote, na barafu yake. Tangu siku hiyo alikuwa na kazi ya kufanya. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu maradhi makubwa ya kambi ya mateka ni siku zinazofanana, kuliko hata njaa na viboko. Mfungwa wa kawaida anahesabu miaka yake aliyohukumiwa. Mateka hana cha kuhesabu, maana hakuna ajuaye vita itakwisha lini.

Maandalizi yalichukua karibu miezi minane, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo. Nyundo zikafuliwa kuwa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vikakatwa na kukunjwa kuwa meno ya kufunga chini ya viatu ili mguu usiteleze kwenye theluji. Kamba za katani zilizokuwa wavu wa vitanda zikafumuliwa zikawa kamba za kupandia. Blanketi zikawa nguo za baridi. Chakula kikawekwa akiba kidogokidogo kutoka kwenye posho ya kila siku. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama, na kwa kopo hilo wakapanga njia. Ufunguo wa lango la bustani ya mboga waliugandamiza kwenye lami, wakapata alama yake, wakachonga wa kwao.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka. Benuzzi alikuwa na Giovanni Balletto, daktari, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima kabisa. Siku za mwanzo walitembea usiku ili kukwepa mashamba ya walowezi, mchana wakalala vichakani. Wakaufuata mto Nanyuki kupanda msituni, kwenye njia za tembo, vifaru na chui, bila silaha ya maana. Kule juu Barsotti akaugua, wakamwacha kwenye hema. Wawili waliobaki wakajaribu kilele kikuu, Batian, wakapigwa na dhoruba ya theluji, wakashindwa. Tarehe 6 Februari wakapanda kilele cha tatu, Lenana, mita 4,985. Huko wakasimika bendera ya Italia waliyoishona kambini, na chini yake wakaacha chupa yenye majina yao. Chakula kilikuwa kimekwisha. Wakashuka kwa njaa, na tarehe 10 Februari walikuwa wamerudi Nanyuki, wakaingia kambini kwa siri kama walivyotoka, ndipo wakajitokeza.

Hiyo ndiyo hadithi ya babu yako. Lakini swali lako gumu ni lile la pili, kwamba walirudi kufanya nini.

Watu wengi hufikiri kazi ya kutoroka iko kwenye uzio. Ukishakata seng'enge, basi, umepona. Mimi kwa kusoma habari hizi miaka mingi nimefikia mawazo tofauti kabisa. Seng'enge ni kazi ya usiku mmoja, na nchi iliyo nje ya seng'enge ndiyo inayokufunga. Tazama ramani ya mwaka 1943 ukiwa umesimama Nanyuki. Kaskazini, Ethiopia, umeshanyang'anywa na Waingereza, na kabla ya kuifika kuna jangwa. Uganda ni ya Mwingereza. Sudan ni ya Mwingereza. Kongo ni ya Mbelgiji, na Mbelgiji yuko upande wa Mwingereza. Nchi pekee ya karibu isiyokuwemo vitani ilikuwa Msumbiji ya Mreno, na ili uifike ilibidi uvuke Tanganyika yote mpaka mto Ruvuma, zaidi ya kilomita 1,200 hata ukipiga mstari ulionyooka kwenye karatasi. Wangeamua kuja huku kwetu, waibe mtumbwi Kisumu na kupiga kasia mpaka Mwanza, wangekuta bendera ileile inapepea bomani.

Na wangefikaje Kisumu? Katika Kenya ya walowezi Mwafrika alitembea na kipande, kile kitambulisho cha lazima, Mzungu alitembea na gari. Mzungu wa miguu, amechafuka, ana ndevu za wiki mbili, Kiingereza hakijui na Kiswahili chake ni cha “lete maji”, huyo hahitaji kutafutwa na polisi. Watoto wa kwanza watakaomwona watatangaza kijiji kizima.

Nikupe la kwangu. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana, nikatumwa kisiwani Ukara kufuatilia wanafunzi wawili watoro. Nilivuka usiku na wavuvi wa dagaa, nikashushwa mwaloni kungali giza, karabai za wenzao bado zinawaka majini. Nikajikunja kando ya mtumbwi uliopinduliwa, nikaamini hakuna aliyeniona. Kulipopambazuka nikaingia kwenye kibanda cha mama mmoja ninywe uji. Akaniuliza swali moja tu: “Wewe ni wa kwa nani?” Bakuli halijaisha, balozi wa nyumba kumi akaingia na daftari lake. Alijua nimekuja na mtumbwi gani, nimelala wapi, na kwamba nilikuwa nakohoa usiku. Wale wanafunzi walishapata habari zangu wakahamia upande wa pili wa kisiwa, kwa mjomba. Nilikaa siku mbili nikarudi mikono mitupu. Katika sisi watatu, aliyekuwa hana pa kujificha ni mimi, mwenye barua ya serikali mfukoni. Wao walikuwa nyumbani.

Mtu mwenye lugha na ndugu hatoroki, anahama tu. Asiye navyo, hata umfungulie lango mchana, atakwama kwenye kibanda cha uji.

Ulaya ilikuwa vivyo hivyo. Kutoroka kulikovuma kuliko kote katika vita ile ni kule kwa Sagan, kambi ya Stalag Luft III, mahali ambapo leo ni Poland. Wajerumani waliwaweka humo marubani wa Uingereza na washirika wao. Mabanda yaliinuliwa kutoka ardhini ili mlinzi aweze kuchungulia chini yake. Udongo wa juu ulikuwa wa rangi iliyofifia, wa chini ulikuwa mchanga wa njano, kwa hiyo hata konzi moja iliyomwagwa uani ingewaumbua. Mateka hao walichimba njia tatu za chini kwa chini, wakazipa majina ya watu: Tom, Dick na Harry. Harry ndiyo iliyofika mwisho, urefu wake zaidi ya mita 100, kina zaidi ya mita 8. Mbao za vitanda zilishikilia mchanga usiwafukie. Mchanga wenyewe ulitolewa kwenye vifuko vyembamba vilivyofichwa ndani ya suruali. Mtu anazungukazunguka uani kama anayepunga upepo, anavuta uzi mfukoni, mchanga unamwagika kidogokidogo miguuni na yeye anaukanyagakanyaga ardhini. Hewa ilisukumwa kwa pampu ya kutengeneza wenyewe kupitia bomba refu la makopo ya maziwa ya unga yaliyounganishwa mdomo kwa mdomo.

Na mwanga? Kabla hawajaiba waya za umeme, waliwasha kopo lenye mafuta yaliyoganda na utambi wa kamba ya nguo za kulalia. Mwanangu, hiyo ni koroboi! Shuka pale Makoroboi, mjini Mwanza, palipopata jina kwa mafundi wa taa za makopo, umwoneshe fundi yeyote picha ya taa ya Sagan. Atakwambia utambi umekaa vibaya.

Nimekuwa nikiona makopo kila ninaposoma habari za mateka. Kopo la nyama Nanyuki, kopo la maziwa Sagan. Sababu yake si siri. Mateka walipokea vifurushi vya chakula kupitia Msalaba Mwekundu, na kifurushi kilikuwa na makopo. Chakula kilikwisha siku hiyohiyo, bati likabaki, na bati ni chuma kinachokubali mkono bila kiwanda. Jambo jingine ni muda. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza kumlazimisha ofisa kufanya kazi, askari wa kawaida ndio waliopelekwa mashambani na barabarani. Ndiyo maana hadithi hizi nyingi ni za maofisa. Hawakuwa hodari kuliko wengine. Walikuwa na siku nzima ya kukaa na kuwaza, na mwenzao alikuwa anachonga reli.

Usiku wa kuamkia 25 Machi 1944 watu 76 wakatoka kupitia Harry. Tundu lilitokeza kabla ya kufika kwenye miti, jambo lililowachelewesha sana, na mtu wa 77 akaonwa na mlinzi. Kati ya hao 76, waliofika salama nje ya mikono ya Wajerumani ni watatu. Sikiliza ni akina nani: Per Bergsland na Jens Müller, Wanorwe, waliopanda meli kwenda Sweden, na Bram van der Stok, Mholanzi, aliyekata Ulaya nzima mpaka Hispania na kisha Gibraltar. Kambi ilijaa Waingereza, nao ndio waliokuwa wengi kwenye mpango ule, lakini hakuna Mwingereza hata mmoja aliyefika. Walijua kuchimba. Kwenye kituo cha treni saa kumi za usiku, karani anapokuuliza unakwenda wapi, kuchimba hakukusaidii, kunahitajika lafudhi.

Na asiye na lugha anahitaji mwenyeji. Winston Churchill, miaka mingi kabla hajawa waziri mkuu, alitekwa na Makaburu akiwa mwandishi wa habari, akaruka ukuta Pretoria tarehe 12 Desemba 1899. Wakatangaza zawadi ya pauni 25 kwa atakayemleta, hai au maiti. Angeishia hapo kama usiku uliofuata asingegonga mlango wa nyumba ya Mwingereza mwenzake kwenye machimbo ya makaa ya mawe karibu na Witbank. Huyo ndiye aliyemficha mgodini, kwenye panya, kisha akampakia kwenye behewa la sufu mpaka Lourenço Marques, Maputo ya leo, kwa Mreno. Akagonga mlango mmoja, ukawa ndio wenyewe. Angegonga wa jirani, historia ya Uingereza ingesomeka vingine.

Lakini mtu ninayependa kumtaja kuliko hao wote ni Job Maseko wa Afrika Kusini, ambaye huku kwetu hatajwi kabisa. Askari weusi wa Afrika Kusini hawakuruhusiwa bunduki. Walipelekwa vitani kubeba, kuchimba na kulinda kwa mikuki. Tobruk, huko Libya, ilipoanguka tarehe 21 Juni 1942, Maseko alikuwa miongoni mwa maelfu waliotekwa. Wajerumani wakawafanyisha kazi ya kupakua meli bandarini. Maseko akachukua kopo, la maziwa tena, akalijaza baruti aliyoitoa kwenye risasi, akaliweka kwenye tumbo la meli katikati ya mapipa ya petroli, akavuta utambi mpaka kwenye mlango wa shimo la mizigo. Wenzake walipomaliza kazi akauwasha, akafunga mlango, akatoka nao kama vile hakuna kitu. Meli ikazama. Ilikuwa 21 Julai 1942, mwezi mmoja kamili tangu kutekwa.

Baadaye akatoroka, akatembea jangwani wiki tatu hivi mpaka El Alamein, yalipokuwa majeshi ya upande wake. Akapewa Medali ya Kijeshi. Unaona tofauti yake na wale wa Nanyuki? Maseko alikuwa na mahali pa kwenda. Palikuwa mbali, pana kiu na mabomu ya ardhini, lakini palikuwepo. Wataliano watatu hawakuwa na mahali popote, ndiyo maana wakaenda juu. Benuzzi hakuwa mjinga. Alishapiga hesabu ya Ruvuma kabla hajagusa ufunguo, na tangu siku ya kwanza mpango ulikuwa kwenda na kurudi.

Sasa bunduki ya babu yako. Umeuliza kwa nini hawakupigwa risasi, na swali hilo lina majibu mawili, la siku ya kutoka na la siku ya kurudi.

Siku ya kutoka hawakuonwa, basi. Wangeonwa, askari angeweza kufyatua, ila siku hizi sheria imefafanua zaidi. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 42, unasema silaha dhidi ya mateka anayetoroka ni hatua ya mwisho kabisa, na lazima itanguliwe na onyo linaloeleweka. Yaani “simama!” kwanza.

Siku ya kurudi ni habari nyingine, na hapa watu wengi hushangaa. Kwa mujibu wa mikataba hii, mateka kutoroka si jinai. Mwizi akitoroka gerezani Butimba amefanya kosa jingine juu ya lile la kwanza, kwa sababu alikuwemo kwa haki. Mateka hakuhukumiwa na mtu. Ni askari aliyeshikwa akiwa kazini kwa nchi yake, na akijaribu kurudi kazini hakuna wa kumlaumu. Akikamatwa tena kabla hajafika kwao, anastahili adhabu ya nidhamu tu, ile ya ndani ya kambi, na kifungo chake hakizidi siku 30. Aliyeiba nguo za kiraia au kughushi kitambulisho ili atoroke naye ni hivyohivyo, mradi hakumdhuru mtu wala hakuiba kwa kujitajirisha. Na akifanikiwa, yaani akafika kwenye jeshi lake au akatoka kwenye ardhi iliyo mikononi mwa adui, mambo yameisha. Hata akija kutekwa upya mwaka unaofuata, hawezi kuadhibiwa kwa kutoroka kule kwa kwanza. Kwa hapa ziwani mfano ni rahisi. Mpaka wetu na Uganda majini ni mstari wa nyuzi 1 kusini. Askari wetu aliyetekwa mwaka 1979, angeiba mtumbwi upande wa Uganda na kupiga kasia mpaka auvuke mstari huo, angekuwa ametoroka rasmi palepale katikati ya maji, hata kabla hajaona nchi kavu.

Tanganyika iliingia kwenye mikataba hii mwaka 1962, kwa hiyo Vita ya Kagera ilitukuta nayo. Vijana wa leo wa Mwanza hawajui kwamba vita ile ilifika hapa. Ndege ya Libya ilikuja kulipua mji, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane na kuua wanyama wa hifadhi. Swala hawakuwa na upande. Walibya waliokuja kutekwa Uganda walishikiliwa na jeshi letu na baadaye wakarudishwa kwao.

Sheria hii haifuatwi daima. Wale 73 waliokamatwa baada ya Sagan, Hitler aliamuru wengi wao wauawe, na 50 walipigwa risasi, wawili watatu, kando ya barabara, kisha ikaandikwa kwamba walijaribu kutoroka tena. Baada ya vita wachunguzi wa jeshi la anga la Uingereza waliwasaka wauaji mmoja mmoja. Kesi ikasikilizwa Hamburg mwaka 1947, na baadhi yao wakanyongwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo babu yako kuona watu watatu wanarudi na kuwekwa seli badala ya ukutani, halikuwa jambo dogo mwaka 1943.

Ndiyo tunafika kwenye goti la mzee. Benuzzi na wenzake walipojitokeza, walipewa siku 28 za kifungo cha peke yao, ambazo zimo ndani ya kikomo cha siku 30 cha mkataba wa 1929. Kisha mkuu wa kambi, Mwingereza, akazipunguza hadi siku saba, kwa kuheshimu ushujaa wao wa kimichezo. Kwake yeye kupanda mlima ule kwa nyundo na kamba za kitanda ilikuwa sawa na mtu kushinda mechi. Siku saba tu! Nadhani babu yako alikuwa akipiga goti kwa mambo mawili, moja la kuchekesha na jingine la kuuma. Askari Mwafrika wa KAR aliyechelewa kurudi kutoka likizo alijua kabisa kwamba yeye hangepimiwa kwa mizani ya michezo.

Bendera ile ilionwa kule Lenana baada ya siku chache na wapanda mlima wengine, wakaishusha. Italia ilisalimu amri Septemba mwaka huohuo, lakini mateka hawakurudishwa kwa haraka. Benuzzi aliondoka Kenya mwaka 1946. Miaka mitatu zaidi nyuma ya seng'enge, analindwa na watu kama babu yako, ambao nao walikuwa mbali na kwao.

Kuna jambo moja ambalo mikataba yote ya Geneva imelinyamazia, nalo ni adhabu ya mlinzi aliyepitwa. Lango la bustani lilifunguliwa na kufungwa, watu watatu wakapita na mizigo mgongoni, na siku 17 baadaye wakapita tena. Muulize shangazi yako, taratibu, kama mzee aliwahi kusema siku ile zamu ilikuwa ya nani.